MAFUTA YANAYONG'AA YANAWEZA KUUA



Mbele yako kuna bidoni mbili za biodizeli, mafuta ya motere yanayotoka katika mawese, soya au mbegu nyingine. Zote ni za manjano, zote zinang'aa. Moja ni safi. Nyingine ingali na metanoli. Ni ipi? Macho yako hayajui.

Mafuta haya si mageni kwetu. Mwaka 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Bruxelles aliandikisha njia ya kugeuza mafuta ya mimea kama mawese kuwa mafuta ya motere. Mwaka 1938 basi lilitembea nayo kati ya Bruxelles na Louvain. Leo migodi fulani ya nchi za nje huyatumia chini ya ardhi ili kupunguza moshi mweusi.

Hatari iko wapi? Ili kuyageuza mafuta, mara nyingi hutiwa metanoli, alikoli yenye sumu. Isipoondolewa vizuri, mvuke wake hushika moto upesi. Ukiinywa, inapofusha macho, inaua. Kwa sheria ya Ulaya, kilo 1 ya biodizeli isiwe na metanoli zaidi ya gramu 2.

Laboratwari inaionaje? Kwa mwanga wa infraruji. Macho hayauoni mwanga huo, lakini ngozi yako inaujua: ndio joto unalosikia ukikaa karibu na mbabula. Mashini hupitisha mwanga huo katika tone la mafuta. Kila kitu hula sehemu yake: biodizeli yake, metanoli yake, maji yake. Mashini huandika mstari wenye mabonde. Bonde huonyesha kitu gani kimo, na urefu wake huonyesha ni kiasi gani. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Kwa uchafu mdogo kabisa, hutumiwa mashini nyingine pia.

Lakini mashini hupima kile ulichoileta. Kwa hiyo:

– Chota kwa chupa safi na kavu, uifunge vizuri. Andika tarehe na namba ya pipa.
– Vaa glavu na miwani. Usivute sigara karibu.
– Usinyonye mafuta kwa mpira na kinywa. Usinawe nayo mikono.
– Pipa lisilopimwa lisiguswe.

Nawe mama wa nyumba, bwana akileta bidoni ya mafuta hayo, ikatae. Si ya taa, si ya kuwashia mbabula. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma alama.

Mtu akiimeza, usingoje aumwe. Metanoli hujificha saa nyingi kabla ya kuharibu macho. Mpeleke lopitali mara moja, na umwambie munganga alichokunywa.

Usiamini rangi. Ngoja jibu la laboratwari.