Kofia Nyeusi na Msasa Usiokwisha

Msomaji mmoja ameichapa kofia ya Darth Vader, lile jitu jeusi la filamu za *Star Wars*, kwa printa ya 3D. Kuchapa kulikwisha upesi. Kupiga msasa kumeingia mwaka wa pili, naye anatuuliza kama ni mvivu.

Jibu la wanasaikolojia lipo: mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jinsi tunavyokadiria muda wa kazi kwa kutazama mpango ulio mbele yetu, huku tukisahau kazi zote zilizowahi kutuchelewesha. Sawa. Mimi nimevutiwa na kofia yenyewe.

Shika kipande cha kioo, urushe mwanga wa jua ukutani. Ukikiinamisha nyuzi 1, doa la mwanga linahama nyuzi 2, kwa sababu mwale unaoingia na unaotoka hupimwa kutoka uso uleule ulioinama. Kila kosa la mteremko, basi, hukuzwa mara mbili, kisha umbali nao unalikuza. Tuseme kofia inayong'aa kama kioo hicho ina kibonde chenye upana wa sentimita 1 na kina cha milimita 0.1, unene wa karatasi hivi. Mteremko wake wa wastani unazidi nyuzi 1 kidogo tu. Lakini dirisha likiwa mita 3 kutoka hapo, sehemu ya dirisha unayoiona ndani ya kibonde itakuwa imehama zaidi ya sentimita 10. Fremu iliyopaswa kupita wima juu ya kofia inapinda, na ukishaiona huwezi tena kutoiona.

Mchezo huu unahitaji uso unaong'aa. Plastiki iliyopitiwa na msasa wa namba 80 ina mikwaruzo mikubwa mno kuliko mawimbi ya mwanga, ambayo urefu wake ni nanomita 400 hadi 700, kwa hiyo mwanga hutawanyika ovyo. Taswira haipo (nasema taswira, si picha, picha hubaki ukiondoka), na isiyokuwepo haipindi. Kofia inaonekana safi kabisa.

Ni kama kuchekecha unga. Chekeche la matundu makubwa hukamata pumba, na unga uliopita unapendeza. Badilisha, tumia la matundu madogo: unga uleule unatoa chenga. Tafuta dogo zaidi, chenga nyingine. Anayepima maendeleo yake kwa kinachobaki juu ya chekeche ataapa kwamba unga unazidi kuchafuka. Na mwenye kofia ana balaa kubwa zaidi, maana yeye hachagui chekeche. Kila akipanda namba ya msasa, yaani akitumia msasa laini zaidi, kazi yenyewe inalisuka upya, matundu yakiwa madogo kuliko jana.

Rangi nyeusi ya kung'aa ndiyo chekeche kali kupita yote. Nyeupe hurudisha mwanga mwingi uliotawanyika, ukaifunika taswira hafifu ya dirisha. Nyeusi huumeza mwanga huo, taswira ikabaki peke yake na aibu zake zote. Muulize fundi yeyote wa kunyoosha bodi za magari ni gari la rangi gani linalomnyima usingizi.

Kinachochekesha ni kwamba kofia ya filamu ya kwanza, ya 1977, iliyofinyangwa kwa mkono na Brian Muir, pande zake mbili hazilingani. Ilitengenezwa ionwe na kamera, si kukaguliwa dirishani hadi mwaka wa pili.

Uvivu sioni. Vumbi, joto na rangi kuchirizika nimeviacha, ingawa navyo vina lawama zao. Ila kabla ya kupuliza nyeusi, aimwagie maji praima, ile rangi ya msingi. Maji hujaza mikwaruzo, na kwa sekunde chache uso wa kijivu uliofifia unang'aa bure. Aizungushe kofia taratibu chini ya taa ndefu ya tyubu. Mstari wa mwanga ukivunjika, aweke kidole hapo, afute maji, azungushie penseli.