Mwalimu Aliye Kazini na Shahada ya Kufundisha Sayansi ya Kompyuta

Kompyuta zikifika shuleni kabla ya mwalimu wa kuzifundishia, aghalabu huishia kuchapa mitihani. Huwekwa katika chumba chenye nondo madirishani, ufunguo hukaa kwa mwalimu wa taaluma, na wanafunzi huziona siku ya ugeni. Hali hiyo si ya shule moja wala ya kata moja, na kasoro yake haiko kwenye mashine. Mashine hununuliwa au hutolewa msaada, zikafika kwa gari siku moja. Mwalimu wa kuzifundishia huchukua miaka kuandaliwa, na njia mojawapo ya kumpata ni kumsomesha yule ambaye tayari yumo darasani.

Suala hilo limekuwa la haraka kutokana na mabadiliko ya mitaala. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeleta mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, na Sayansi ya Kompyuta ni miongoni mwa masomo ya sekondari. Mwaka huohuo wa 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, na mojawapo inaunganisha Fizikia, Hisabati na Sayansi ya Kompyuta. Kwa mzazi wa Makole maana yake ni hii: mtoto anayemaliza shule ya msingi mwaka huu akapangiwa sekondari isiyo na mwalimu wa somo hilo, huenda akafika kidato cha nne bila kulisoma. Hapo mlango wa tahasusi hiyo utakuwa mgumu kwake kuufungua, hata kama ana akili ya hisabati. Mwanafunzi wa shule ya jirani atakuwa amekwisha kuupita.

Ni vema kukumbuka kwamba nchi hii haikuanza na kompyuta jana. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo katika kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine hizo, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na katazo hilo lililegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Walimu wengi wenye uzoefu mkubwa leo walifundishwa na watu ambao hawakuwahi kuigusa kompyuta wakiwa wanafunzi. Kumlaumu mwalimu wa namna hiyo kwa kutolijua somo ambalo hakufundishwa si haki, na wala hakusaidii chochote.

Hata hivyo, kuna kosa la fikra ambalo huwapata wazazi na hata baadhi ya wakuu wa shule. Hudhaniwa kwamba mwalimu anayejua kuchapa barua, kutengeneza jedwali la alama na kutumia intaneti anaweza kufundisha Sayansi ya Kompyuta. Ujuzi huo ni wa mtumiaji. Dereva hodari wa daladala anaijua barabara yote ya kutoka mjini hadi Nkuhungu, lakini hakuna anayemkabidhi darasa la ufundi wa injini.

Mfano wa karibu ni daftari la wakazi. Tuseme daftari lina majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, na linatafutwa jina la mkazi mmoja. Anayeanza ukurasa wa kwanza na kushuka jina moja baada ya jingine anaweza kulazimika kusoma majina yote 1,000. Anayefungua katikati, akatazama kama jina analolitaka liko kabla au baada, kisha akagawa nusu iliyobaki tena na tena, hatahitaji kutazama zaidi ya majina 10. Daftari likikua hadi majina 2,000, huyu wa pili ataongezewa hatua moja tu. Mpangilio wa hatua kama hizo huitwa algoriti, na ndio moyo wa Sayansi ya Kompyuta. Katika mfano huo mashine haijawashwa. Kilichofanyika ni kufikiri, na kazi ya mwalimu ni kumfikisha mwanafunzi mahali pa kuona mwenyewe kwa nini njia ya pili ni bora, na kwa nini haifai kabisa daftari lisipopangwa.

Ugumu wa kufundisha huonekana zaidi pale mwanafunzi anapokosea. Katika lugha nyingi za kuandikia programu, huandikwa mstari kama huu: x = x + 1. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri hisabati atasema mstari huo ni uongo, kwa kuwa hakuna namba inayolingana na yenyewe ikiongezwa moja. Yuko sahihi kwa kanuni za hisabati. Katika programu, alama hiyo haimaanishi “ni sawa na”. Ni agizo: chukua thamani iliyomo ndani ya x, ongeza moja, kisha hifadhi jibu humohumo ndani ya x. Mwalimu asiyeandaliwa atasema “ndivyo inavyoandikwa, nakili”, na darasa zima litanakili bila kuelewa. Mwalimu aliyeandaliwa anajua tangu mwanzo kwamba kikwazo hicho kitatokea wiki ya pili au ya tatu, na ana sanduku lenye karatasi ndani yake la kuwaonyesha wanafunzi jinsi thamani ya zamani inavyotolewa na mpya kuingizwa. Maarifa ya namna hiyo, ya kujua somo pamoja na mahali linapomkwaza anayejifunza, ndiyo ambayo shahada ya ualimu wa somo hili inakusudia kuyajenga.

Kwa sababu hiyo mafunzo ya shahada huwa na pande mbili. Upande mmoja ni somo lenyewe: kuandika programu, muundo wa kompyuta, hifadhidata, mitandao na usalama wa taarifa. Upande wa pili ni ualimu: saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia, upimaji na mazoezi ya kufundisha shuleni chini ya usimamizi. Mwalimu aliye kazini ana faida kubwa katika upande huu wa pili. Tayari anajua kulituliza darasa lenye wanafunzi wengi, na anachojifunza asubuhi anaweza kukijaribu mchana.

Wasiwasi unaosikika mara nyingi ni kwamba umeme ukikatika, au kompyuta zikiwa kumi kwa wanafunzi mia, somo haliwezekani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, walikwisha kubuni katika miaka ya 1990 masomo ya sayansi ya kompyuta yasiyohitaji kompyuta hata moja, na sasa yanatumika katika nchi nyingi. Wanafunzi watano husimama mbele ya darasa, kila mmoja ameshika kadi yenye namba: 16, 8, 4, 2 na 1. Mwalimu hutaja namba 21. Wenye kadi za 16, 4 na 1 huzionyesha, wengine wawili huzigeuza. Kadi iliyoonyeshwa huandikwa 1, iliyogeuzwa huandikwa 0, na ubaoni hupatikana 10101. Kwa kadi hizo tano darasa linaweza kuandika kila namba kuanzia 0 hadi 31, na limekwisha kuelewa jinsi kompyuta inavyohifadhi namba. Gharama ni karatasi tano ngumu na kalamu ya wino mzito. Hii haina maana kwamba shule zisidai kompyuta, kwani kuandika programu bila mashine ya kuijaribia ni sawa na kujifunza kuogelea kwa maelezo. Inaonyesha tu kwamba katika kupanga kipi kitangulie, mwalimu hutangulia.

Yapo pia mafunzo ya muda mfupi, na hayapaswi kudharauliwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma, umegharamia pia mafunzo ya TEHAMA kwa walimu, ikiwemo katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Mafunzo ya siku chache humwezesha mwalimu kuitumia mashine bila hofu na kutatua hitilafu ndogondogo. Hayamtoshelezi kubeba somo la miaka minne linalotahiniwa na Baraza la Mitihani la Tanzania.

Uingereza ilijifunza tofauti hiyo kwa gharama. Septemba 2014 shule za England zilianza kufundisha somo jipya la kompyuta lenye uandishi wa programu, mahali pa somo la zamani la matumizi ya TEHAMA. Walimu walikuwa walewale. Baada ya miaka mitatu serikali ya huko ilitangaza pauni milioni 84, pamoja na mambo mengine ili kuwapa mafunzo walimu wapatao 8,000 ambao tayari walikuwa shuleni. Nchi tajiri ilibadili mtaala kwanza ikawatafuta walimu baadaye, na miaka hiyo ya katikati wanafunzi waliilipia.

Kwa mwalimu anayeishi au kufundisha Makole, vyuo viwili viko karibu kuliko vingine. Cha kwanza ni Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika vilima vya Chimwaga, ambacho kina wataalamu wa ualimu na pia Ndaki ya Sayansi za Kompyuta na Elimu Angavu, maarufu kwa kifupi cha CIVE. Masomo yake ya shahada ni ya kuhudhuria darasani, hivyo kwa kawaida mwalimu hulazimika kuacha kufundisha kwa muda wa masomo. Cha pili ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, chenye kituo cha mkoa hapa Dodoma. Chuo hicho hufundisha kwa njia ya masafa, na mwanafunzi wake anaweza kubaki kazini na kujipangia kasi. Majina ya programu hutofautiana kati ya chuo na chuo na hubadilika. Mwombaji asome mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na ahakikishe programu anayoichagua ina ualimu ndani yake. Shahada ya kompyuta isiyo na ualimu ni nzuri kwa kazi nyingine.

Kuhusu njia ipi ni bora, jibu liko kwenye ratiba ya shule. Shule yenye walimu watatu wa hisabati inaweza kumwachia mmoja aende chuoni muda wote. Shule yenye mmoja ikimwachia, itapata mwalimu wa kompyuta baada ya miaka mitatu na kupoteza hisabati ya vidato vinne katika miaka hiyo mitatu. Hapo masomo ya masafa, ingawa ni marefu na yanachosha, ndiyo yenye busara.

Mwalimu mwenye stashahada anayetaka kujiunga anahitaji, kwa vigezo vya jumla vya Tume ya Vyuo Vikuu, angalau ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne na wastani wa B katika stashahada ya ualimu. Aliyepita kidato cha sita hupimwa kwa alama kuu mbili. Chuo kinaweza kuongeza masharti yake, na katika fani hii ufaulu wa hisabati ndio unaotazamwa kwanza.

Ruhusa ya masomo huombwa kwa maandishi kwa mwajiri kupitia mkuu wa shule, kabla ya masomo kuanza. Mwalimu anayeondoka akitegemea kwamba barua itamfuata huhesabiwa mtoro kazini, na wapo walioipoteza ajira wakiwa na nia njema kabisa. Ruhusa nayo si ahadi ya kulipiwa ada. Hayo ni maombi mawili tofauti, na anayepewa la kwanza asidhani amepewa la pili. Akihitimu, mwalimu huwasilisha vyeti ili utumishi wake ufanyiwe mabadiliko: katika muundo wa walimu, mwenye stashahada huingia Daraja la III B na mwenye shahada Daraja la III C.

Wazazi huuliza, na ni swali la haki, mwalimu akishasomea kompyuta atabaki shuleni au ataondoka kutafuta mshahara mkubwa zaidi. Hakuna sheria inayoweza kuufunga moyo wa mtu. Lakini walimu wenye familia, nyumba na shamba hapa Dodoma huhama kwa nadra kuliko kijana aliyepangiwa kituo asichokijua, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwasomesha waliopo.

Mikutano ya wazazi na bodi za shule za sekondari ina nafasi yake katika jambo hili. Mzazi anaweza kuuliza kama Sayansi ya Kompyuta inafundishwa shuleni, nani anaifundisha na kwa sifa gani, kompyuta zilizopo zinatumiwa na wanafunzi kwa vipindi vingapi kwa wiki, na kama yupo mwalimu aliyeomba kwenda masomoni. Maswali hayo yakiandikwa katika kumbukumbu za kikao, huwa na uzito wakati mahitaji ya mafunzo ya shule yanapowasilishwa Halmashauri.

Dirisha la udahili wa shahada kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka. Mwalimu anayekusudia kuomba aandae mapema nakala zilizothibitishwa za vyeti vya kidato cha nne, kidato cha sita au stashahada, cheti cha kuzaliwa, barua ya ajira na barua ya kuthibitishwa kazini, na aombe ruhusa kabla dirisha halijafunguliwa, kwa kuwa barua hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kujibiwa.