Simu imenyakuliwa dirishani mwa matatu, kripto yako iko wapi?

Saa moja jioni, foleni imekwama Ngara, dirisha la matatu limefunguliwa kidogo kwa sababu ya joto. Mkono unaingia, simu inatoka. Mkazi yeyote wa Nairobi anaijua hadithi hii, na wengi wanajua la kufanya hata kabla ya kufika nyumbani: laini izimwe, M-Pesa ifungwe, kesho asubuhi mtu aende dukani kuchukua laini mpya yenye namba ileile.

Kuna vijana ambao shida yao huanza hapo laini mpya inapowaka. Hawa ni wale wanaolipwa kwa USDT kwa kazi za mtandaoni, au wanaonunua Bitcoin kidogo kidogo kwa njia ya P2P na kulipa kwa M-Pesa. Namba ya simu imerudi, nenosiri wanalikumbuka, lakini akaunti inaitisha zile namba sita. Na namba sita zilikuwa zikitokea kwenye programu iliyo ndani ya simu iliyokwenda. Hapo ndipo msee anagundua kwamba mlango aliouwekea kufuli mbili umemfungia yeye mwenyewe nje.

Si sababu ya kuacha kufuli ya pili. Akaunti ya kripto yenye nenosiri pekee ni kama kibanda kilichofungwa kwa kamba. Nenosiri hilohilo huenda ulilitumia kwenye tovuti ya kamari miaka mitatu iliyopita, tovuti ikadukuliwa, na sasa linauzwa pamoja na mengine kwa maelfu. Kinachohitajika ni kuweka kufuli ya pili ukiwa tayari umepanga utakavyoingia siku ambayo simu haipo.

Tuanze na SMS, kwa sababu ndiyo wengi wanayotumia. Ujumbe wenye namba sita unaingia, unaziandika, unaingia kwenye akaunti. Ni rahisi, na simu ikipotea unarudisha laini na maisha yanaendelea. Lakini urahisi huo ndio tatizo: kama wewe unaweza kurudishiwa laini, mkora mwenye nakala ya kitambulisho chako na mdomo mtamu anaweza pia. Akishaipata, kila SMS yako inamfikia yeye.

Michael Terpin, mwekezaji wa Marekani, alipoteza kripto ya karibu dola milioni 24 Januari 2018 baada ya matapeli kuhamisha namba yake ya simu. Januari 2024, Tume ya Hisa na Dhamana ya Marekani, SEC, yenyewe iliporwa akaunti yake ya X kwa njia hiyohiyo, na tangazo la uongo kuhusu Bitcoin likatumwa kwa jina lake. Baadaye ilibainika kwamba akaunti hiyo haikuwa imewashiwa uthibitishaji wa hatua mbili. Hao ndio wanaosimamia soko la hisa la Marekani!

Hapa Kenya wizi wa laini si habari mpya. Wateja wa Safaricom wanaweza kupiga *100*100# ili laini isibadilishwe kiholela, na inafaa kufanya hivyo leo hata kama huna senti moja ya kripto. SMS ni afadhali kuliko kutokuwa na chochote. Ila kama akaunti ina pesa ambazo zingekuuma ukizikosa, hamia kwenye programu ya uthibitishaji, kwa mfano Google Authenticator, Aegis au 2FAS. Zote ni za bure.

Watu wengi hudhani programu hizi hupokea namba kutoka mahali fulani mtandaoni. La. Zima data, ondoa laini, panda basi hadi Lodwar, bado namba sita zitaendelea kubadilika kila baada ya sekunde 30. Siku unapowasha huduma hii, kampuni ya kripto hukuonyesha mchoro wa QR. Ndani ya mchoro huo kuna ufunguo wa siri, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu. Simu huuhifadhi, kampuni nayo hubaki na nakala yake. Kila upande huchukua ufunguo huo, huuchanganya na saa ya wakati huo, na kupata namba sita zilezile. Ndiyo maana simu ambayo saa yake imerudi nyuma dakika tano hutoa namba zinazokataliwa. Kabla ya kulaumu kampuni, ingia kwenye mipangilio na uiache simu ijirekebishie saa yenyewe.

Ukielewa hilo, suala la akiba linakuwa jepesi. Cha kuhifadhi ni ule ufunguo, si zile namba. Mwenye ufunguo anaweza kuuingiza kwenye simu yoyote na namba zikaanza kutiririka kama kawaida. Mwenye kupoteza ufunguo amebaki na maombi.

Tatizo ni kwamba ufunguo huonyeshwa mara moja tu, na wengi wetu huwa na haraka. Unaskani, unabofya endelea, basi. Siku hiyo tulia. Chini ya mchoro wa QR karibu kila mara kuna mstari wa herufi, au kiungo cha kuuonyesha. Chukua kalamu na karatasi uuandike wote, herufi kwa herufi. Kwa kawaida mfuatano huo hutumia herufi A hadi Z na tarakimu 2 hadi 7 pekee. Sufuri na moja hazimo. Ukiona kitu kinachofanana na sufuri, hiyo ni herufi O. Kinachofanana na moja ni I au L, kwa hiyo andika kwa herufi kubwa zinazosomeka. Andika pia jina la akaunti na tarehe.

Kisha, kabla ya kubofya endelea, ijaribu karatasi yako. Azima simu ya pili unayoiamini, labda ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka iliyo kwenye droo, weka programu, uchapishe ufunguo kutoka kwenye karatasi. Simu zote mbili zikionyesha namba sita zinazofanana kwa wakati mmoja, umeandika sawa. Na kama simu ya pili ni yako, iache hivyo hivyo, izime, iwekwe nyumbani. Haihitaji laini wala bando.

Usipige picha ya skrini. Najua ni rahisi zaidi. Lakini picha huingia kwenye galari, galari hupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na galari ndiyo sehemu ya kwanza ambayo mtu aliyeokota simu yako atapekua. Usijitumie ufunguo kwa WhatsApp pia. Na tafadhali, usiende kuuprinti saiba.

Je, hifadhi ya mtandaoni ya programu yenyewe? Hapa maoni hutofautiana. Tangu Aprili 2023, Google Authenticator inaweza kunakili funguo zako kwenye akaunti yako ya Google, kwa hiyo simu mpya ikiingia kwenye akaunti hiyo kila kitu kinarudi. Kwa mtu ambaye huibiwa simu kila mwaka, hiyo ni baraka. Lakini mwaka huohuo kampuni ya programu ya Retool ilisema wavamizi walimhadaa mfanyakazi wake, wakaingia kwenye akaunti yake ya Google na kupata namba zote kwa sababu ya unakili huo. Wateja 27, wote wa sekta ya kripto, waliathirika. Kwa maoni yangu, ukitumia njia hii basi akaunti ya Google ndiyo inayostahili ulinzi mkali kuliko zote: nenosiri lake pekee, na zile namba 10 za akiba ambazo Google hukupa ziandikwe kwenye karatasi. Aegis, ya Android, inakuruhusu kutoa faili iliyofungwa kwa nenosiri ambayo unaweza kuiweka kwenye diski ndogo ya USB. Mimi ningechagua karatasi na simu ya zamani, hata kama ni mambo ya kishamba.

Karatasi yenyewe iwekwe wapi? Si kwenye pochi, wala chini ya jalada la simu, jamani. Nakala moja mahali unapolala, nyingine mahali pengine kabisa, kwa mfano nyumbani kwa wazazi ndani ya bahasha iliyo na vyeti vya shule. Mvua ikifurika mtaani au moto ukitokea, nakala mbili za chumba kimoja huangamia pamoja.

Kufuli hii ina mipaka yake. Tovuti bandia inayofanana na ya kweli inaweza kukuitisha nenosiri na namba sita, na ndani ya sekunde hizo 30 mkora akazitumia kwenye tovuti halisi. Anayekupigia akidai ni wa huduma kwa wateja na anataka umsomee namba ni mwizi, hata akilijua jina lako lote. Na kama unahifadhi kripto kwenye pochi yako binafsi badala ya kampuni, uthibitishaji wa hatua mbili haukuhusu sana. Huko kila kitu kiko kwenye yale maneno 12 au 24 ya kurejesha pochi, na anayeyapata hahitaji namba zozote.

Kwa aliyekwisha fungiwa nje, njia ni moja: fomu rasmi ya kampuni ya kubatilisha uthibitishaji. Utaitishwa kitambulisho na video ya uso, halafu usubiri, wakati mwingine kwa siku kadhaa, na mara nyingi hutaruhusiwa kutoa pesa kwa muda hata baada ya kufunguliwa. Sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali iliyotiwa saini Oktoba 2025 inaweka kampuni hizi chini ya leseni, lakini leseni haikurudishii ufunguo. Ukiandika kilio chako X au Telegram, watajitokeza watu ndani ya dakika chache wakisema wanamjua hacker fulani atakayekufungulia kwa ada ndogo. Wabloku wote.