Bibi alisikia kabla yangu: nilivyosaka hedifoni ya taarab na drill

Hedifoni yangu ya kwanza "ya maana" niliinunua mjini, si mbali na Marikiti, kwa shilingi 4,500. Jina kubwa limeandikwa ubavuni, boksi limefungwa plastiki, muuzaji kaapa mara mbili. Nikafika nyumbani Kibokoni, nikaweka drill ya Wakadinali. Besi ikanigonga hadi menoni. Nikajiona nimefika.

Jioni bibi akaniomba nimwekee Zein l'Abdin. Nikamvalisha, akatulia kama dakika hivi, kisha akaivua.

"Mjukuu wangu, mbona Zein yuko chumba cha pili?"

Nikaskiza mwenyewe. Wallahi ni kweli. Besi ilikuwa imefura ikafunika udi wote, sauti ya mzee yatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

Ningecheka nikasahau, lakini mimi nahariri video za harusi. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo laptop na haya masikio ndiyo ofisi. Mwezi huo mteja akanirudishia kazi: ngoma za harusi yake zasikika kama mikebe. Kumbe hedifoni ilikuwa ikijiongezea besi, nami nakaa napunguza besi ambayo kwenye video haikuwepo. Nilirudia kazi ile bure. Wiki iliyofuata sikio la kushoto likafa.

Ndo nikaanza kutafuta kwa akili. Nikachagua nyimbo nne ninazozijua hadi pumzi: moja kutoka "Mtindo wa Mombasa", ile albamu ya Zein iliyotolewa Uingereza 1990, bango ya Mzee Ngala, hip hop ya Kaa La Moto, na drill. Zote faili safi, si zile zilizovutwa kutoka video za mtandaoni. Faili mbovu hubaki mbovu hata kwenye hedifoni ya laki.

Jamaa wangu wa Makadara, mwenye studio chumbani, akanikalisha na Sennheiser HD 600. Hiyo iko sokoni tangu 1997, na mgongo wake ni wavu mtupu, hewa na sauti zapita. Nikaweka Zein. Sijui niseme vipi. Unaskia kidole kikigusa uzi kabla uzi haujalia. Ngala naye, saksafoni imesimama mbele yako na bendi iko nyuma, kila mtu na nafasi yake. Nilirudia wimbo mmoja mara tano, jamaa akaenda kununua mahamri akarudi, bado niko pale.

Halafu nikaweka drill, na ile besi ya chini kabisa haikushuka kifuani. Ipo, lakini ina adabu mno. Tena HD 600 ina ukinzani wa ohm 300, yaani yataka nguvu. Kwenye simu ilikuwa yanong'ona, hadi tukaiunganisha na amplifaya. Na ule wavu? Tuktuk ikipiga honi nje, iko ndani ya wimbo. Mimi nalala chumba kimoja na ndugu zangu wawili, ningewaamsha na taarab saa saba usiku.

Ya pili ilikuwa Beyerdynamic DT 770 Pro, iliyofungwa nyuma. Matoleo yake ni ya ohm 32, 80 na 250. Ya 80 laptop yangu yaiendesha bila shida. Mito yake ni ya kitambaa laini kama mahameli, na kwa joto la Mombasa hilo si jambo dogo, maana ile ngozi ya plastiki hukulowesha masikio kisha yabanduka vipande vipande. Kaa La Moto akawa hai, drill ikashuka kifuani. Kasoro ni sauti za juu: kali. Kila "s" ya mwimbaji yakuuma kidogo.

Za bluetooth zinazozima kelele ni tamu kwenye feri ya Likoni, sibishi. Kwa kuhariri sizitaki, sauti huchelewa nyuma ya picha.

Jamaa alinifunza kitu kimoja nitakachokuachia: ukilinganisha mbili, sawazisha sauti kwanza. Inayopiga kwa nguvu zaidi hukudanganya kuwa ndiyo bora. Na anza na sauti ya mtu na udi, si besi. Besi hata ya bandia itakufurahisha.

Nikachukua DT 770 Pro ya ohm 80, mtumba, baada ya kuijaribu na nyimbo zangu zote nne mbele ya muuzaji. Kazi ndiyo yalipa, na usiku watu walale.

Bibi akavaa tena. Akaskiza wimbo mzima safari hii.

"Karudi sebuleni," akasema. "Ila kakaa karibu mno."

Ile HD 600 bado naiota. Jamaa wa Makadara kaniahidi siku akiiuza nitakuwa wa kwanza kujua, nami nishaanza kuweka.