Tiketi ya mtoto ya "bure" melini yaweza kugharimu familia nzima

Katika biashara ya meli za kitalii, miezi ya Januari, Februari na Machi ndiyo ya mavuno. Kampuni zinazouza safari za Karibiani kutoka Miami na bandari nyingine za Florida hushusha bei, hupunguza arubuni, na mara nyingi hutangaza kwamba abiria wa tatu na wa nne katika chumba kimoja, ambao kwa kawaida ni watoto, wanasafiri bure. Mtoto huyo wa "bure" hulipiwa kodi na ada za bandari tu. Tangazo hilo huwavutia Waafrika Mashariki waishio Marekani, na pia wafanyabiashara wa huku wanaokwenda kuwatembelea ndugu zao wakati wa likizo za shule.

Hata hivyo, mtoto asiye na hati kamili hapandi meli, na hakuna mzazi atakayemwacha mwanawe gatini akaenda kutalii. Kwa hiyo hati ya yule asiyelipiwa ndiyo dhamana ya tiketi zote zilizolipiwa. Mfanyabiashara anayekata tiketi ya familia, na wakala anayeiuza, wote wanapaswa kujua sheria inataka nini kabla fedha hazijatoka mkononi.

KWA NINI KAMPUNI HAZIFANYI MASIHARA

Wengi hudhani kwamba karani wa bandarini anaweza kubembelezwa. Hawezi. Sheria za uhamiaji za Marekani humtoza faini mwenye chombo anayemleta nchini abiria asiye na hati zinazotakiwa, na orodha ya abiria hupelekwa kwa Idara ya Forodha na Ulinzi wa Mipaka kabla meli haijang'oa nanga. Karani akimpitisha mtoto kwa huruma, anayebeba mzigo ni kampuni yake.

Mkataba wa tiketi nao huweka wazi kwamba wajibu wa kuwa na hati sahihi ni wa abiria. Anayezuiwa kwa kukosa hati huhesabiwa kama aliyejiondoa mwenyewe siku ya safari, na nauli hairudi. Kwa kawaida kinachorudishwa ni kodi na ada za bandari.

Mwekezaji mdogo anayefuatilia hisa za kampuni hizi katika soko la New York atalielewa jambo hili akitazama vitabu vyao. Malipo ya wateja yanayopokelewa kabla ya safari huandikwa kama deni la kampuni kwa abiria. Meli ikishasafiri, deni hugeuka kuwa mapato. Abiria aliyeachwa gatini kwa kukosa cheti hageuzi hesabu hiyo: chumba kiliuzwa, meli imeondoka.

SHERIA YA 1886 NA SAFARI YA MZUNGUKO

Meli nyingi za kitalii zinazoondoka Florida hupeperusha bendera za nchi kama Bahamas na Panama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli ya kigeni kusafirisha abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine. Ndiyo sababu safari nyingi huanza na kuishia bandari ileile, na katikati meli hutia nanga walau katika bandari moja ya nchi nyingine, kama Nassau au Cozumel.

Utaratibu huo wa kibiashara ndio uliozaa nafuu ya hati. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 2004 sheria iliyowataka hata raia wake waonyeshe pasi wanaporudi kutoka nchi za jirani. Kwa ndege, sharti lilianza Januari 23, 2007. Kwa barabara na bahari lilianza Juni 1, 2009. Lakini safari ya meli inayoanza na kuishia bandari ileile ya Marekani, ikienda Bahamas, Bermuda, Mexico, Canada au visiwa vya Karibiani, iliachiwa mlango: raia wa Marekani anaweza kurudi bila pasi.

Mwenye miaka 16 au zaidi huonyesha cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha picha kilichotolewa na serikali, kama leseni ya udereva. Aliye chini ya miaka 16 huonyesha uthibitisho wa uraia peke yake. Vijana walio chini ya miaka 19 wanaosafiri na kundi la shule, la dini au la michezo chini ya uangalizi wa watu wazima nao hupewa nafuu hiyo ya cheti tu.

Maneno ya kushika ni mawili: raia, na bandari ileile. Meli ikianzia Miami na kuishia San Juan au Barbados, nafuu haipo. Mtoto asipokuwa raia wa Marekani, nafuu haimhusu hata kama baba yake ni raia na mama yake ni raia. Aidha, nchi ambayo meli inatia nanga ina haki ya kudai pasi kwa sheria zake, na kampuni ya meli inaweza kuweka sharti kali kuliko la serikali.

CHETI KIPI KINAKUBALIKA

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu si kila karatasi inayotaja kuzaliwa ni cheti. Hospitali nyingi za Marekani humpa mzazi karatasi nzuri yenye nyayo za mtoto na jina la hospitali. Hiyo ni kumbukumbu ya nyumbani. Cheti kinachotambulika ni kile cha ofisi ya usajili ya jimbo au wilaya, chenye muhuri na saini ya msajili. Kwa mtoto wa chini ya miaka 16, nakala iliyothibitishwa inakubalika, lakini fotokopi ya kawaida ni ya kubahatisha.

Mtoto wa raia wa Marekani aliyezaliwa nje, tuseme Dar es Salaam au Nairobi, hutumia taarifa ya kuzaliwa nje ya nchi inayotolewa na ubalozi wa Marekani. Aliyepata uraia baadaye hutumia cheti cha uraia. Vyeti vya Puerto Rico vilivyotolewa kabla ya Julai 1, 2010 vilifutwa vyote kisheria kwa sababu ya wizi wa utambulisho, kwa hiyo kijana aliyezaliwa huko kabla ya tarehe hiyo lazima awe na cheti kipya.

Cheti au pasi vilevile ndiyo ushahidi wa umri. Kampuni nyingi hazimpokei mtoto mchanga wa chini ya miezi 6, na kwa safari za kuvuka bahari kuu hutaka awe ametimiza miezi 12 siku ya kupanda.

HESABU YA CHETI NA YA PASI

Mzazi ataona cheti kinatosha, basi pasi ya nini? Tufanye hesabu.

Kwa viwango vya mwaka 2025, pasi ya mtoto wa chini ya miaka 16 ilikuwa dola 100 pamoja na dola 35 za kupokea maombi, jumla dola 135. Hudumu miaka 5, yaani dola 27 kwa mwaka. Ipo pia kadi ya pasi kwa dola 15 na zile 35, jumla dola 50. Kadi hiyo inakubalika kwa bahari na barabara kutoka Canada, Mexico, Bermuda na Karibiani, lakini haikubaliki kwa ndege ya kimataifa.

Tofauti hiyo ya ndege ndiyo nzito. Mtoto akishikwa na ugonjwa Cozumel na daktari wa meli akashauri arudishwe kwa ndege, au familia ikichelewa sokoni Nassau na meli ikaondoka, cheti cha kuzaliwa hakipandi ndege. Familia itabaki ugenini ikitafuta pasi ya dharura ubalozini, huku gharama za hoteli zikipanda na watoto wakiwa na nguo walizovaa tu.

Tuchukue mfano wa baba, mama na watoto wawili. Tuseme kila mtu mzima analipa nauli ya dola 900, watoto ni bure. Hati ya mtoto mmoja ikikataliwa na familia nzima ikabaki, hasara ni dola 1,800, mbali na ndege ya kufika Miami. Pasi za watoto wote wawili ni dola 270. Anayeona bima ya dola 270 ni ghali kwa mali ya dola 1,800 itakayotumika pia miaka minne inayofuata, bila shaka hajafanya biashara siku nyingi.

Muda nao ni mtaji. Maombi ya pasi ya mtoto huyo huhitaji wazazi wote wawili wafike, au asiyekuwepo atoe fomu ya ridhaa iliyothibitishwa na mthibitishaji wa umma. Baba akiwa Mwanza na mama Houston, fomu hiyo haipatikani kwa siku mbili. Ni salama kuhesabu miezi mitatu.

MTOTO MWENYE PASI YA AFRIKA MASHARIKI

Kwa mtoto wa Kitanzania, Kikenya au Kiganda anayetoka huku kwenda kupanda meli Miami, cheti peke yake hakina kazi bandarini. Anahitaji pasi yake mwenyewe na viza yake mwenyewe ya Marekani. Viza hiyo lazima iruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikifika Nassau ametoka Marekani, na ikirudi anaingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja amekwisha kuitumia uwanja wa ndege. Bandari za njiani nazo ziangaliwe moja moja, kwani zinaweza kudai viza kwa pasi zetu hata pale ambapo Mmarekani hadaiwi.

Masharti ya viza za Marekani kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika, Burundi ikiwemo, yalikazwa mwaka 2025. Kwa hiyo asilipe mtu nauli kwa kutegemea viza ambayo hajaishika.

Mtoto mwenye grinikadi haingii katika nafuu ya raia. Huenda na kadi yake halisi na pasi ya nchi yake. Na mtoto aliye raia wa Marekani lakini amekulia huku kwa pasi ya nyumbani hapewi viza, kwani ubalozi hautoi viza kwa raia wake. Lazima achukuliwe pasi ya Marekani.

MAJINA NA RIDHAA

Kwetu mtoto hubeba jina lake, la baba na la babu. Mama ana majina ya baba yake mwenyewe. Karani wa Miami anaona mwanamke na mtoto wasiofanana jina hata moja. Dawa yake ni cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama, hata kama mtoto ana pasi. Kwa waliozaliwa Tanzania Bara cheti hicho hutolewa na RITA. Tiketi nayo iandikwe kama pasi ilivyoandikwa, herufi kwa herufi, wala si kama mtoto anavyoitwa nyumbani au shuleni.

Akisafiri na bibi, shangazi au mjomba, wazazi wote wawili waandike barua ya ridhaa, iliyosainiwa mbele ya wakili au mthibitishaji wa umma, ikitaja tarehe, meli na ruhusa ya kumpatia mtoto matibabu. Mzazi mmoja akiwa amefariki, cheti cha kifo kiambatishwe. Palipokuwa na talaka, hukumu ya malezi iwekwe mkobani.

SOKO LA BARCELONA

Anayechagua bahari ya Mediterania atakutana na kosa lilelile kwa sura nyingine. Mtoto wa pasi yetu anahitaji viza ya Schengen ya peke yake. Kuanzia Juni 11, 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi, na wa chini ya miaka 12 hachukuliwi alama za vidole. Meli ikitoka Barcelona ikatia nanga Tunisia au Uturuki kisha ikarudi, hapo pia patakuwa kuingia mara mbili, na viza iombwe hivyo tangu mwanzo.

USHAURI KWA MNUNUZI NA WAKALA

Kampuni nyingi hutaka malipo yote yakamilike kati ya miezi miwili na minne kabla ya safari, na kadiri siku zinavyokaribia ndivyo sehemu isiyorudishwa inavyoongezeka hadi kuwa nauli nzima. Hiyo ndiyo tarehe ya kuhesabia kazi zote:

- Kabla ya arubuni: tazama uraia wa kila mtoto, bandari ya kuanzia na ya kuishia, na orodha ya nchi za njiani.
- Kabla ya malipo ya mwisho: kila mtoto awe na pasi au cheti halisi mkononi, na viza pale inapotakiwa. Pasi iwe na walau miezi 6 baada ya tarehe ya kurudi.
- Siku ya safari: hati ziwe katika mkoba wa mkononi. Sanduku likishachukuliwa na wapagazi, halionekani tena hadi melini.

Wakala naye asikate tiketi ya familia bila kuomba nakala za hati za watoto. Mteja aliyebaki gatini na watoto wanaolia hatakumbuka kipengele cha mkataba kinachosema wajibu ulikuwa wake. Atakumbuka ni duka gani lililomuuzia.