"Nyamaza" Si Dawa ya Kiwewe

Majuzi matangani Kitale, nilisikia mtoto aliyefiwa na babake akitulizwa: "Nyamaza, jikaze!" Neno "nyamaza" tumelipa kazi mbili: kufariji na kuziba mdomo. Hapo ndipo tunapokosea.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la *JAMA Psychiatry* ulihusu watoto 640 waliofiwa na wazazi, Bungoma na Moshi, Tanzania. Nusu yao walisaidiwa taratibu, kwenye vikao, kusimulia msiba wao. Washauri hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofunzwa. Bungoma, mjini na vijijini, kiwewe kiliwapungua zaidi kuliko wenzao, hata mwaka mmoja baadaye.

Basi tumwambie mtoto: "Pole. Ukitaka kusema, nipo." Kisha tunyamaze sisi.