WALISHAFANYA KAZI PAMOJA, SAWA. LAKINI NANI ALIKUWA BOSI?

Timu ikitangaza kocha mpya na wasaidizi wake, vijiweni huku Kilwa Masoko sentensi ni ile ile: "hao wanajuana bana, walishafanya kazi pamoja." Mjadala unafungwa, watu wanarudi kwenye kahawa yao. Mimi naona hapo ndo kwanza unaanza. Walijuana wakiwa nani? Na kazi yenyewe iliishaje?

Chukua Juma Mgunda na Selemani Matola. Julai 2019 TFF ilimkabidhi Etienne Ndayiragije Taifa Stars, hawa wawili wakawa wasaidizi. Agosto wakaitoa Kenya kwa matuta 4-1 pale Kasarani baada ya mechi mbili bila bao. Septemba wakafungwa 1-0 na Sudan nyumbani, Oktoba wakaenda Omdurman wakashinda 2-1, tiketi ya CHAN mkononi. Angalia vizuri lakini: pale wote walikuwa wasaidizi, maamuzi ni ya Mrundi.

Septemba 2022 Zoran Maki akaondoka Simba, Mgunda akaitwa haraka kutoka Coastal Union. Akamkuta Matola yupo tayari. Safari hii Mgunda ndiye anayeamua. Nyasa Big Bullets wakapigwa nje ndani, Primeiro de Agosto wakapigwa 3-1 kwao na 1-0 Dar, Simba hao makundi Ligi ya Mabingwa. Mechi nne, wameshinda zote. Hapo kujuana kulilipa kwa sababu muda haukuwepo. Hakuna maandalizi ya msimu, hakuna wiki tatu za kusomana tabia. Mmoja anawajua wachezaji, mwingine anajua anachotaka, na walishakaa benchi moja.

Aprili 2024 Benchikha naye akaondoka, wawili hao wakapewa timu tena. Msimu ukaisha Simba wa tatu, pointi 69 sawasawa na Azam, Azam wakapita kwa tofauti ya mabao. Watu wale wale, klabu ile ile, ila shimo walilorithi lilikuwa refu zaidi. Kwa hiyo ukisikia "pea hii ina bahati" uliza kwanza walikuta nini mezani.

Tuje kwa Fadlu Davids, maana huyu ndo somo lenyewe. Kabla ya Simba alikuwa msaidizi wa Josef Zinnbauer Orlando Pirates, kisha Lokomotiv Moscow, kisha Raja Casablanca walipobeba ligi ya 2023/24 bila kupoteza hata mechi moja. Klabu tatu, nchi tatu, bosi mmoja. Hiyo CV inakwambia jambo moja kwa uhakika: ni mtu wa kuaminika, la sivyo Mjerumani asingemwita mara zote hizo. Haikwambii atakuwaje akiwa bosi. Jibu la hilo lilikuwa Maritzburg United, alikokuwa kocha mkuu na mwaka 2018 akaifikisha fainali ya kombe la Nedbank. Sisi vijiweni tulikuwa tunaisifia Raja tu.

Simba akawafikisha fainali ya Shirikisho 2025, wakafungwa 2-0 na Berkane ugenini na kutoka 1-1 Zanzibar. Septemba mwaka huo akarudi Raja, na wasaidizi aliokuja nao wakaondoka. Waliokuja na basi moja wanaondoka na basi hilo hilo. Aliyebaki? Matola. Ndo maana mimi nikiona benchi zima limetoka mfuko mmoja naingiwa na wasiwasi kidogo. Kazi ya msaidizi si kupanga koni tu. Kuna siku inabidi amwambie bosi "hapana, huyu leo asianze." Mtu aliyelelewa na bosi huyo huyo atathubutu?

Sasa nyumbani, Wauaji wa Kusini. Hitimana Thierry aliipandisha Namungo hadi nafasi ya nne msimu wake wa kwanza ligi kuu, 2019/20, na fainali ya FA Sumbawanga wakafungwa 2-1 na Simba. Akaondoka kabla ya makundi ya Shirikisho, akaja Hemed Suleiman "Morocco". Makundi ya 2021: mechi sita, vipigo sita, bao hata la kuotea hakuna. Ukimpima kwa hizo tu ungemfuta kabisa. Januari 2024 Amrouche akasimamishwa katikati ya AFCON, Morocco akashika Stars, na pembeni yake ni nani? Mgunda. Sare 1-1 na Zambia, sare 0-0 na Congo. Novemba 2024 akaifunga Guinea 1-0, Stars wakafuzu AFCON 2025.

Basi Mgunda alipotua Ruangwa mwaka 2024, huku kwetu watu walishangilia "Mgunda wa Simba anakuja." Jamani, ukitoka Masoko kwenda Majaliwa ni Nangurukuru, Mnazi Mmoja, Nanganga, nauli yako na siku yako nzima imekwenda. Una haki ya kujua unakwenda kumuangalia nani. Mgunda wa Simba alikuwa na Matola pembeni. Aliyekuja Ruangwa ni nusu ya ile pea, nusu nyingine ilibaki Msimbazi, na hilo sikumsikia mtu akilitaja.